Shajara ya mradi: mbolea ya potasiamu katika saladi ya kitalu nyumba, miteremko ya Meru

Kabla ya kusia mbegu

Mradi huu unatokana na swali ambalo wakulima wa mboga wa miteremko ya Mlima Meru huliuliza kila msimu: je, ipo haja ya kununua mbolea ya potasiamu kwa ajili ya saladi inayolimwa ndani ya kitalu nyumba, ilhali udongo wa huku ni wa volkano na tangu zamani umesifiwa kuwa na madini hayo kwa wingi? Swali hilo ni la fedha, kwa sababu potasiamu haichimbwi nchini kama fosfeti ya Minjingu bali huagizwa kutoka nje, na salfeti ya potasiamu ni ghali kuliko kloridi. Ni swali la ubora pia. Saladi huliwa mbichi, na mnunuzi, awe wa hoteli ya Arusha au wa Soko la Kilombero, humwamini mkulima kwa jinsi jani linavyokatika mdomoni na jinsi linavyodumu baada ya kukatwa shambani.

Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba hatutatafuta tu kiwango cha mbolea kinacholeta uzito mkubwa. Tutapima uzito, lakini tutapima pia ugumu wa jani, ladha, kuungua kwa ncha za majani ya ndani, muda wa kuhifadhika na naitreti (naitrojeni ambayo mmea haujaigeuza kuwa protini) iliyobaki ndani ya jani. Dhana yangu, ambayo naiandika hapa kabla ya kuona zao lolote ili baadaye iweze kuhukumiwa kwa haki, ni kwamba faida ya potasiamu itaonekana zaidi kwenye ubora kuliko kwenye mizani, na kwamba kuizidisha kutaharibu ubora huohuo.

Majibu ya udongo na hesabu ya kinachoondoka

Majibu ya maabara yamefika. Potasiamu ilichopolewa kwa asetati ya amonia na kusomwa kwa fotomita ya mwali, na majibu yametolewa kwa sentimoli kwa kilo, kipimo ambacho mkulima hawezi kukitumia mpaka kigeuzwe: sentimoli 1 ya potasiamu katika kilo moja ya udongo ni miligramu 391. Sampuli iliyochukuliwa nje, chini ya migomba, ina potasiamu nyingi kama sifa ya udongo wa volkano inavyodai. Sampuli ya matuta ya ndani ina kiasi pungufu kwa tofauti iliyo wazi, ingawa udongo ni uleule na kati ya sehemu hizo mbili pana hatua chache tu. Migomba ile hupata majivu ya jikoni mwaka mzima, na majivu ya kuni hubeba potasiamu katika umbo la kaboneti; matuta ya ndani, kwa upande wake, yamekuwa yakipewa urea na CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu), mbolea ambazo hazina potasiamu hata kidogo, huku yakivunwa bila kupumzika.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jinsi akiba hiyo inavyokwisha. Mche mmoja wa saladi ya majani wazi wenye uzito wa gramu 250 ni maji kwa takriban asilimia 95, hivyo kilicho kikavu ndani yake ni gramu 12.5. Potasiamu katika jani la saladi iliyolishwa vizuri huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito mkavu. Tukichukua asilimia 6, mche huo unaondoka na gramu 0.75. Kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, mita moja ya mraba hubeba miche 16, na kwa hiyo hupoteza gramu 12 za potasiamu, sawa na kilo 120 kwa hekta. Kwa kuwa mifuko ya mbolea huandikwa kiwango cha K2O (oksidi ya potasiamu, ambayo potasiamu ni asilimia 83 yake) na si cha potasiamu yenyewe, ni lazima kugawa kwa 0.83, na jibu ni kilo 145 hivi za K2O kwa hekta kwa zao moja tu. Saladi hukaa tutani wiki tano hadi saba baada ya kupandikizwa. Tuta linalovunwa mara tano kwa mwaka hupoteza kilo 600 za potasiamu kwa hekta, na udongo wowote, uwe wa volkano au wa mfinyanzi, utaishiwa ukitendewa hivyo bila kurudishiwa.

Nimeisoma hesabu hii mbele ya wenzangu wa mradi na naona ndiyo jibu la nusu ya swali tulilopewa. Sifa ya udongo wa Meru ni ya kweli kwa shamba la migomba na kahawa, lakini haiwezi kuhamishiwa kwenye tuta la kitalu nyumba bila kupima.

Mpangilio wa jaribio

Tumechagua viwango vitano: 0, 75, 150, 225 na 300, vyote kwa kilo za K2O kwa hekta. Tunatumia salfeti ya potasiamu yenye asilimia 50 ya K2O, ili kila kilo 75 kwa hekta iwe gramu 15 za mbolea kwa mita ya mraba. Kwa hiyo vipande vyetu vinapata gramu 0, 15, 30, 45 na 60. Kila kiwango kina marudio manne, na nafasi ya kila kipande ndani ya kitalu imeamuliwa kwa kura katika kila rudio, kwa sababu upande wa mashariki hupata jua mapema na upande wa mlangoni hupata upepo zaidi, na tofauti hizo zisipogawanywa kwa haki zitaonekana kana kwamba ni kazi ya mbolea. Nusu ya mbolea imechanganywa na udongo kabla ya kupandikiza, na nusu itapitishwa katika mipira ya matone.

Kila kipande kimegawanywa kati ya aina mbili: saladi ya majani wazi, na Great Lakes inayofunga kichwa. Zote mbili zinahitajika, kwa kuwa kichwa kilichofunga ndicho huugua zaidi kuungua kwa ncha za ndani.

Tumeichagua salfeti badala ya kloridi kwa sababu ya chumvi. Kwa kipimo cha zamani ambamo naitreti ya sodiamu hupewa 100, kloridi ya potasiamu ina 116, naitreti ya potasiamu 74, na salfeti ya potasiamu 46. Saladi haivumilii chumvi: mavuno yake huanza kushuka pale EC ya udongo (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme) inapopita desisimensi 1.3 kwa mita, na hupungua kwa takriban asilimia 13 kwa kila desisimensi inayoongezeka. Naitreti ya potasiamu nayo ingeongeza naitrojeni pamoja na potasiamu, na tusingeweza kusema ni kipi kati ya hivyo viwili kimeleta badiliko.

Salfeti hata hivyo ina kasoro yake katika jaribio, nayo ni kwamba salfa inapanda pamoja na potasiamu. Kipande cha kilo 300 za K2O kinapata zaidi ya kilo 100 za salfa kwa hekta, na kipande cha sifuri hakipati kitu. Tungeweza kusawazisha salfa kwa jasi, lakini jasi huleta kalsiamu, na kalsiamu ndiyo hasa tunayotaka kuiona ikishindana na potasiamu. Tungeweza kutumia salfeti ya amonia, lakini amonia nayo hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Tumeamua kuiacha tofauti hiyo na kuitaja kila tutakapotoa matokeo. Naitrojeni ni ileile kwa vipande vyote, inatoka kwenye naitreti ya kalsiamu, na fosforasi imewekwa sawa kabla ya kupanda.

Maji tunayotumia ni ya mvua, yaliyovunwa kutoka paa la kitalu na kuhifadhiwa kwenye simtanki. Chemchemi na visima vingi vya upande huu vina floridi na bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, na sodiamu ingeingilia usomaji wetu wa chumvi.

Kitalu cha miche na kupandikiza

Miche imeota kwa usawa na imepandikizwa ikiwa na majani manne hadi matano. Hakuna la ziada la kuandika katika hatua hii.

Jambo moja la kiufundi linahitaji kurekodiwa kwa manufaa ya atakayerudia jaribio. Salfeti ya potasiamu huyeyuka kwa uvivu: katika nyuzi 20 za Selsiasi lita moja ya maji hubeba gramu 111 tu, ilhali naitreti ya potasiamu hufika gramu 316. Tunaiyeyusha kwa maji mengi, tunaichuja, na hatuichanganyi kamwe na naitreti ya kalsiamu katika ndoo moja ya mbolea nzito, kwa sababu salfeti na kalsiamu zikikutana hutengeneza jasi, na jasi huziba vitobo vya matone. Kila mbolea ina siku yake.

Majani yanapoanza kukutana

Tofauti kati ya vipande imeanza kuonekana, nayo haionekani mahali ambapo mtu angeitazamia. Rangi haisemi mengi. Vipande vya sifuri vina majani ya kijani iliyokoza, pengine zaidi ya vingine. Kinachotofautisha ni mchana. Jua linapopanda, miche isiyopewa potasiamu hulegea mapema na huchelewa kusimama tena jioni, hata pale ambapo unyevu wa udongo ni sawa na wa jirani zake.

Sababu yake inafahamika vizuri. Potasiamu haijengi sehemu yoyote ya mwili wa mmea, wala haimo katika protini au ukuta wa seli; hubaki imeyeyuka kama ioni, ikiwezesha vimeng'enya zaidi ya 60 kufanya kazi na kuvuta maji kuingia ndani ya seli. Seli mbili zinazolinda kila kitundu cha jani hufungua kitundu hicho kwa kuingiza potasiamu na kukifunga kwa kuitoa. Mmea ulio na upungufu hushindwa kuvifunga vitundu kwa wakati, hivyo hupoteza maji ambayo ulitakiwa kuyatunza. Ndiyo maana namwomba kila anayekagua kitalu aje saa saba mchana badala ya saa moja asubuhi, kwa maana asubuhi miche yote hufanana.

Kwenye majani ya chini kabisa ya vipande vya sifuri pameanza kuonekana madoa ya njano pembezoni, ambayo baadaye hukauka kuwa kahawia. Huu ndio upungufu wenyewe: potasiamu huhama kwa urahisi ndani ya mmea, na mmea wenye njaa huitoa kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwa machanga. Naisisitiza dalili hii kwa sababu inachanganywa mara nyingi na kuungua kwa ncha kunakotokana na kalsiamu, ilhali mahali pake ni pa kinyume. Potasiamu ikipungua huugua jani la nje la chini. Kalsiamu ikipungua huugua jani changa la moyoni. Mkulima akilijua hilo peke yake ataepuka kununua mbolea isiyohitajika.

Joto na ncha zilizoungua

Wiki hii ya joto imetupa jambo kubwa kuliko yote tuliyoyaona mpaka sasa. Baada ya siku za mawingu zilizofuatwa ghafla na jua kali, vichwa vya Great Lakes katika vipande vya kilo 300 vilipopasuliwa vimekutwa na kingo za kahawia kwenye majani ya ndani, na baadhi ya vile vya kilo 225 vimeonyesha dalili hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Vipande vya kilo 150 na chini ya hapo karibu vyote ni vizima. Saladi ya majani wazi imeathirika kidogo sana katika viwango vyote.

Maelezo ya haraka ni kwamba potasiamu nyingi imeisukuma kalsiamu nje. Ni kweli kwamba potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zote ni ioni chanya na hushindania kuingia mzizini, na potasiamu hushinda kwa sababu huingia kwa wepesi. Lakini naamini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa kalsiamu haikukosekana udongoni. Tuliiweka kwa wingi pamoja na naitrojeni. Tatizo ni njia. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mzizini, na maji huenda pale mvuke unapotoka. Jani la nje lililo wazi hutoa mvuke mwingi na kupata kalsiamu nyingi, ilhali jani lililofunikwa moyoni mwa kichwa, ambamo hewa imetuama na kujaa unyevu, halitoi mvuke na kwa hiyo halipelekewi. Nafasi kubwa ya jani hilo kupata kalsiamu ni usiku, wakati vitundu vimefungwa, hewa imejaa unyevu, na mzizi unasukuma maji juu kwa shinikizo lake wenyewe. Shinikizo hilo hutegemea udongo ulio na maji ya kutosha na chumvi kidogo. Hapo ndipo gramu 60 za salfeti zinapoleta madhara kwa mlango wa pili: zinapandisha chumvi ya maji ya udongo, mzizi unashindwa kusukuma usiku, na jani changa linaamka bila kalsiamu ya kujengea kuta za seli zake, kisha jua kali linalidai likue haraka.

Vipimo vya EC tulivyochukua katika vipande vyote vinakubaliana na maelezo haya, kwa kuwa vinapanda hatua kwa hatua kutoka kipande cha sifuri hadi cha 300. Ndani ya kitalu nyumba hakuna mvua ya kuosha chumvi, hivyo kile kisicholiwa na zao hili hubaki kulisubiri zao linalofuata.

Tumebadilisha mambo mawili kwa vipande vyote sawasawa: umwagiliaji wa mwisho umesogezwa hadi jioni, na mapazia ya pembeni yanafunguliwa mapema zaidi ili hewa itembee. Tafiti zilizofanywa Japani miaka ya 1990 zilizuia kuungua kwa ncha kwa kupeleka hewa moja kwa moja kwenye majani ya ndani, bila kubadilisha mbolea. Baadhi ya wakulima waliotutembelea wamependekeza kunyunyizia kalsiamu majanini. Kwa saladi ya majani wazi lingekuwa pendekezo la kufikiriwa, lakini kwa kichwa kilichokwisha kufunga dawa haifiki kwenye jani linaloumwa, na kalsiamu iliyotua kwenye jani la nje haihamii ndani.

Mavuno

Mavuno yamefanyika kipande kwa kipande, na kila mche umepimwa ukiwa mbichi kabla ya sampuli kukaushwa kwa nyuzi 70 mpaka uzito usibadilike. Uzito mbichi umepanda kutoka sifuri hadi 75, umepanda tena kidogo hadi 150, kisha umesimama. Kati ya 150 na 300 sioni sababu ya kusema kuna tofauti, na kwa Great Lakes kipande cha juu kabisa kimepoteza, kwa kuwa vichwa vyenye ncha zilizoungua haviuziki hata vikiwa vizito. Kilo 150 inakaribiana na hesabu ya 145 iliyofanywa mwanzoni, jambo linalonipa imani na hesabu hiyo kama njia ya kuanzia kwa mkulima asiye na maabara, ingawa udongo mwingine na aina nyingine ya saladi vitadai hesabu yake.

Uzito mkavu unaonyesha jambo ambalo mizani ya kawaida hailioni. Miche ya vipande vya 150 ina kitu kikavu kingi zaidi kwa kila gramu ya jani kuliko ile ya sifuri, ambayo ilikuwa na maji zaidi. Potasiamu husaidia sukari inayotengenezwa na jani kupakiwa kwenye mishipa na kusafirishwa, na mmea wenye upungufu hushindwa kuigawa ipasavyo. Waonjaji, waliopewa sahani zenye namba bila kujua kiwango cha mbolea, wamezipendelea sahani za 150 na 225 kwa mkatiko wa jani, na kuziona za sifuri kuwa laini na zenye uchungu zaidi. Katika jokofu, majani ya sifuri yamelegea mapema kuliko mengine yote.

Naitreti

Kipimo hiki nakipa umuhimu wa pekee, kwa sababu ni ubora usioonekana kwa macho na mlaji hana namna ya kuuchagua. Saladi ni miongoni mwa mboga zinazokusanya naitreti kwa wingi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa saladi ya chini ya paa: miligramu 5,000 kwa kilo ikivunwa kati ya Oktoba na Machi, na 4,000 ikivunwa kati ya Aprili na Septemba, huku saladi ya kichwa kigumu iliyolimwa chini ya paa ikipewa 2,500. Tofauti ya misimu inatokana na mwanga, kwa kuwa kimeng'enya kinachoanza kuigeuza naitreti kuwa protini hutegemea mwanga, na jani la kipindi cha mawingu hubaki na naitreti ambayo halikuitumia. Miezi ya Juni hadi Agosti huku Meru ni ya baridi na mawingu, na wakulima wengi huongeza urea wakati huohuo ili kulazimisha ukuaji.

Kwa vijiti vya kupimia utomvu, majani ya vipande vya sifuri yamesoma naitreti ya juu kuliko ya 150, na baada ya 150 usomaji haukushuka tena. Vijiti hutoa makadirio, kwa hiyo sampuli zimepelekwa maabara na sitaandika tarakimu mpaka majibu yarudi. Majani yaliyovunwa alasiri yamesoma chini ya yale ya alfajiri katika viwango vyote vya potasiamu, na tofauti hiyo ya saa ilikuwa dhahiri kama ile ya mbolea. Hapa pana mgongano wa kweli kwa mkulima: alfajiri jani ni gumu na lenye ubaridi, linasafiri vizuri, alasiri lina naitreti kidogo lakini lina joto na linahitaji kivuli na maji baridi mara moja. Kwa miezi ya mawingu mimi nashauri alasiri, kwa sharti kwamba pa kupozea pamekwisha kuandaliwa.

Hatua iliyopo sasa

Matuta yamepumzishwa na udongo wa kila kipande unapimwa upya, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na EC, ili zao la pili lianze na hesabu ya kilichobaki na si ya kilichowekwa. Vipande vya 300 vitaoshwa kwa maji ya mvua na havitapewa potasiamu yoyote katika zao hilo. Tunataka kuona kama akiba yao inatosha kulisha zao zima. Vipande vya 150 vitagawanywa mara mbili, nusu ikipata kiasi chote kabla ya kupandikiza na nusu ikipata kidogo kidogo kila wiki. Upande wa mlangoni tutaongeza jaribio dogo la kulinganisha salfeti na kloridi kwa kiwango kimoja cha kilo 100, kwa sababu kloridi inaweza kushika nafasi ya naitreti ndani ya seli na hivyo kuishusha zaidi, nami ningependa kujua kama faida hiyo inazidi madhara ya chumvi yake katika udongo wetu. Great Lakes itabaki, kwa kuwa hakuna aina nyingine tuliyonayo inayotuonyesha haraka hivyo pale kalsiamu inaposhindwa kufika moyoni.

Mbegu za zao la pili zimesiwa leo.